Nani Mfiwa? Kilio na Utofauti katika Fantasia ya Vijana

Utangulizi

Kiswahili kina kitenzi ambacho wanafunzi wa sarufi hukipita upesi wanapotafuta mifano ya mnyambuliko. Kitenzi chenyewe ni kufiwa. Kufa hakuhitaji yambwa; anayekufa hufa peke yake. Lakini kitenzi hicho kikitiwa kauli ya kutendewa, kinazaa hali ambayo mhusika wake ni mtu aliye hai. Tunasema kwamba fulani amefiwa na mamake, na kwa kauli hiyo tunakiri kuwa kifo kimempata yeye aliyebaki. Hapo ndipo tunapopata nomino mfiwa, na mfiwa katika jamii zetu ana cheo. Ana mahali pake pa kukaa, ana siku zake, na wapo watu wanaopaswa kumjia. Wahenga walilipanga jambo hili zamani waliposema kwamba kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia.

Makala haya yanakusudia kuitumia methali hiyo kama kipimo cha uhakiki. Uwanja wetu ni riwaya ya fantasia inayoandikiwa vijana kwa Kiingereza, hasa ile inayotoka Marekani, ambayo vijana wetu wa sekondari na hata wanafunzi wetu wa shahada ya kwanza wanaisoma kwa wingi kuliko tunavyopenda kukiri katika vikao vya idara. Kwa miaka mingi sasa wahakiki wa riwaya hizo wamekuwa wakijadili suala la utofauti, yaani kama watu wa rangi, dini na asili mbalimbali wamo ndani ya vitabu hivyo au wameachwa nje. Rai yangu ni kwamba swali hilo halijakamilika mpaka tuulize swali la pili: kifo kinapotokea katika kitabu, nani anapewa cheo cha mfiwa?

Shujaa kama mfiwa

Msomaji wa fantasia ya vijana hachelewi kutambua kwamba utanzu huu umejaa mayatima. Harry Potter, katika mfululizo wa J. K. Rowling uliotolewa kati ya 1997 na 2007, anafiwa na wazazi wake wawili akiwa angali mtoto mchanga, na riwaya zote saba zinaweza kusomwa kama matanga marefu ambayo hayajaanuliwa. Katika riwaya ya kwanza anasimama mbele ya kioo kinachomwonyesha mtu matamanio ya moyo wake, naye anawaona wazazi wake. Katika riwaya ya tano, iliyotoka 2003, wamo farasi wenye mabawa ambao hawaonekani ila kwa macho ya mtu aliyekwisha kushuhudia kifo. Msiba hapa umefanywa kuwa aina ya elimu. Aliyeupitia anaona yasiyoonwa na wenzake darasani.

Sababu za mtindo huu si ngumu kuzibaini. Kijana anapofiwa, mpango wa dunia aliyoizoea huvunjika, na lugha ya kila siku humpungukia. Fantasia humpa picha za kushika: mlango unaofunguka pasipo na mlango, sauti ya marehemu inayosikika ndotoni, safari ya kwenda nchi ya wafu na kurudi. Tena humpa kazi ya kufanya. Mfiwa wa fantasia haketi tu akisubiri siku zipite. Huondoka nyumbani, hupata wenzake, hupigana. Kwa hiyo katika utanzu huu cheo cha mfiwa na cheo cha shujaa hukaribiana mno. Na iwapo ni hivyo, basi suala la nani anaruhusiwa kufiwa ni suala la nani anahesabiwa kuwa na nafsi kamili.

Hesabu ya nyuso

Uhakiki wa utofauti ulianza kwa kuhesabu, na ulikuwa na haki ya kuanza hapo. Mwaka 1965 Nancy Larrick alichapisha nchini Marekani makala kuhusu ulimwengu wa vitabu vya watoto aliouona kuwa wa watu weupe watupu. Alikuwa amechunguza vitabu zaidi ya 5,000 vilivyotolewa kati ya 1962 na 1964, na akakuta kwamba ni takriban asilimia 6.7 tu vilivyokuwa na mtu Mweusi hata mmoja katika maandishi au picha zake. Mwaka 1990 Rudine Sims Bishop aliuendeleza mjadala kwa sitiari iliyoenea sana tangu hapo: kwamba vitabu ni vioo anamojiona msomaji, ni madirisha ya kuwaonea wengine, na ni milango ya vioo ya kupitia kuingia kwao. Sitiari hiyo imetumika hata katika tasnifu za wanafunzi wetu.

Hata hivyo, hesabu ina mipaka, na sisi Wakenya tunao msiba uliotufunza hivyo. Baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa ya tarehe 2 Aprili 2015, ambamo watu 148 waliuawa, wengi wao wakiwa wanafunzi, wananchi walikataa kuridhika na idadi iliyokuwa ikitangazwa. Walisisitiza kwamba idadi ile haikuwa nambari tu. Wakaanza kutaja majina, kuonyesha picha, kueleza nani alikuwa akisomea nini na nani alikuwa tegemeo la nani. Kwa maneno mengine, walitoka katika kuhesabu waliokufa wakaelekea kwa waliofiwa.

Tumtazame sasa Rue, msichana wa miaka 12 katika The Hunger Games ya Suzanne Collins (2008). Riwaya hii ni ya ulimwengu dhalimu wa kubuni, wala si fantasia ya uchawi, ila wasomaji wake ni walewale na mazoea yake ni yaleyale. Rue ana ngozi ya kahawia iliyokoza. Mwandishi amelitaja jambo hilo waziwazi, na bado filamu ilipotoka 2012 baadhi ya watazamaji walilalamika hadharani kwamba mtoto Mweusi amepewa nafasi hiyo. Kwa mhesabu nyuso, Rue ni ushindi: yumo, ana jina, anapendeka. Lakini anauawa kwa mkuki, na anayemwimbia, anayempamba kwa maua, anayebadilika moyo kwa sababu ya kifo chake, ni Katniss, msimulizi na shujaa.

Ebony Elizabeth Thomas, katika kitabu chake The Dark Fantastic cha 2019, amemchambua Rue pamoja na wahusika wengine wa aina yake, na ameonyesha kwamba mhusika mweusi katika fantasia hupitishwa katika mzunguko unaorudiwarudiwa: anatazamwa kama kioja, anatiliwa shaka, anatendewa ukatili, kisha anabaki kama mzuka katika kumbukumbu za wengine. Ukombozi wake, kama unakuja, huja mwisho kabisa, na mara nyingi hauji. Kwa istilahi zetu tungesema kwamba mhusika huyu amepewa nafasi ya marehemu akanyimwa nafasi ya mfiwa. Kifo chake ni elimu ya mtu mwingine.

Vitabu katika nyumba ya matanga

Suala hili halikunijia maktabani. Mwaka 2021 nilifiwa na kaka yangu, na katika siku za matanga nyumbani kwetu Kilifi bintiye wa miaka 14 alikuwa akionekana muda wote na riwaya mkononi. Alisoma ukumbini kati ya kina mama waliokuja kutoa pole, akasoma jikoni, akasoma usiku kwa mwanga wa simu. Mzee mmoja wa ukoo aliniita kando akaniuliza kama mtoto yule hakuelewa kilichotokea. Nilimjibu kwamba alielewa, na kwamba kila mtu ana namna yake ya kukaa matanga. Mzee hakuridhika, na sikumlaumu. Katika desturi aliyoijua, mfiwa anajulikana kwa kuwa na watu, ilhali huyu alikuwa amejitenga na watu kwa ukuta wa karatasi.

Siku ya tatu, tulipokuwa tunaosha vyombo vya majirani ili virudishwe kwa wenyewe, aliniambia, "Shangazi, yule Rue ana wadogo zake watano nyumbani. Wao nani aliwapelekea chakula?"

Nilikuwa nimeifundisha riwaya ile mara mbili katika kozi ya fasihi ya watoto na vijana, na swali hilo halikuwa limeulizwa na mwanafunzi yeyote. Msomaji na aurejee mkasa wenyewe. Baada ya Rue kufa, watu wa wilaya yake, ambao ni maskini wa kutupwa, wanachangishana na kumpelekea Katniss mkate uwanjani. Wahakiki wengi wamelisifu tendo hilo kama ishara ya umoja wa wanyonge, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini ukilitazama kutoka katika nyumba ya matanga, utaona kwamba mambo yamepinduka. Kwetu, jirani hupeleka chakula kwa mfiwa, kwa kuwa mfiwa hatarajiwi kupika. Katika riwaya, wafiwa ndio wanaomlisha mgeni. Katika Catching Fire (2009) familia ya Rue inaletwa mbele ya umma: wazazi na watoto watano wamesimama jukwaani, huku Katniss akitoa hotuba ya shukrani. Wapo, wanahesabika, wala hatusikii kilio chao. Wa mbali ameanza kilio, na mfiwa amefanywa hadhira.

Sisemi kwamba Collins hakujua alichokuwa akikifanya. Inawezekana kabisa kwamba ukimya wa familia ile ni sehemu ya shutuma yake dhidi ya utawala unaowageuza watu kuwa maonyesho. Ninachosema ni kwamba mtoto aliyefiwa aliupita mlango wa shujaa akaenda moja kwa moja kwa wale wadogo watano, kwa kuwa alijua wanaketi wapi.

Kutoka kuliliwa hadi kulia

Katika muongo uliofuata, baadhi ya waandishi wa asili ya Kiafrika walioko Marekani wamejaribu kukibadilisha kiti. Nitataja wawili.

Tomi Adeyemi, aliyezaliwa Marekani kwa wazazi Wanigeria, alitoa Children of Blood and Bone mwaka 2018. Zélie, shujaa wake, alimwona mamake akichukuliwa na askari wa mfalme na kunyongwa usiku ambao uchawi ulizimwa katika nchi ya Orïsha. Jambo linalostahili kuangaliwa ni aina ya kipawa anachokirithi. Ukoo wa Zélie ni ule wenye mamlaka juu ya roho za wafu. Hivyo uwezo wake wa kupigana umetokana na msiba wake mwenyewe. Kilio chake ni nguvu aliyopewa kuisemea, naye anaisema kwa nafsi ya kwanza. Mwishoni mwa kitabu mwandishi anatoka katika hadithi na kumsemesha msomaji ana kwa ana, akimwomba kwamba ikiwa aliwalilia watoto wa kubuni waliokufa katika riwaya, basi awalilie pia watoto halisi waliouawa kwa risasi za polisi nchini Marekani. Baadhi ya wahakiki wetu wangeuita ufafanuzi huo kasoro ya kifani. Mimi nauona kama tendo la kufungua mlango wa nyumba ya matanga: kilio kimekwisha kuanzwa na mwenyewe, sasa wa mbali wanakaribishwa.

Hata hivyo, uhakiki wa haki hauna budi kusema kwamba kaida ya zamani haijafa katika riwaya hii. Binti mfalme Amari anaasi kwa sababu babake amemuua Binta, mtumishi na rafiki yake. Tunamjua Binta zaidi kupitia kumbukumbu za Amari kuliko kwa maneno yake mwenyewe, naye anakufa mapema ili binti mfalme apate moyo wa kuondoka. Kwa hiyo rangi ya wahusika inaweza kubadilika, na muundo ukabaki vilevile: mtumishi ndiye marehemu, mwenye cheo ndiye mfiwa. Hili linaonyesha kwamba tunaloliita tatizo la rangi lina nduguye wa kitabaka, na kwamba hesabu ya nyuso haiwezi kumwona ndugu huyo.

Wa pili ni Kwame Mbalia, na riwaya yake Tristan Strong Punches a Hole in the Sky (2019), inayowalenga wasomaji wadogo kidogo. Tristan, mvulana kutoka Chicago, amefiwa na rafiki yake Eddie katika ajali ya basi, naye anajilaumu kwa kutoweza kumwokoa. Alichobakiwa nacho ni daftari la hadithi alizokuwa akiandika marehemu. Akiwa shambani kwa babu na bibi yake huko Alabama, daftari linaibwa, na katika kulifukuzia anapasua anga na kuangukia ulimwengu wa masimulizi ya Waafrika na Wamarekani Weusi. Anawakuta humo John Henry, Brer Rabbit na Anansi. Anakuta pia bahari inayowaka moto, merikebu za mifupa, na minyororo yenye uhai inayowawinda watu. Hapa msiba wa mtoto mmoja unakutana na msiba wa mamilioni waliovushwa bahari ya Atlantiki utumwani, na ufundi wa Mbalia ni kwamba ule mkubwa haumezi ule mdogo. Eddie anabaki kuwa Eddie. Tristan anajifunza kwamba kusimulia ni kazi ya mfiwa, na kwamba hadithi isiyosimuliwa huwaacha wafu wakirandaranda.

Ukuta wa mawe

Lipo tabaka la tatu la suala letu, nalo ni utofauti wa namna za kuomboleza. Hapa namrejea Ursula K. Le Guin, aliyefariki 2018. Katika A Wizard of Earthsea ya 1968 alimfanya shujaa wake Ged awe na ngozi ya hudhurungi yenye wekundu, rafikiye Vetch akawa mweusi, na watu weupe, yaani Wakarg wa mashariki, wakawa wale wanaoonwa kuwa washenzi na wenyeji wa visiwa. Tamthilia ya televisheni ya 2004 ilipompa mwigizaji mweupe nafasi ya Ged, Le Guin alilalamika kwa maandishi na hadharani.

Lakini la kina zaidi ni alivyoishughulikia nchi ya wafu. Katika The Farthest Shore ya 1972, wafu wanakaa katika nchi kavu, nyuma ya ukuta mfupi wa mawe. Hakuna mateso humo, wala furaha. Waliopendana hupishana njiani bila kusalimiana. Ni picha ya kutisha, na kwa karibu miaka 30 ilisomwa kama ukweli wa mwisho wa ulimwengu ule. Kisha, mwaka 2001, akatoa The Other Wind. Mhusika wake Alder si mchawi mkuu. Kazi yake ni kuunga vyungu na vitu vilivyovunjika. Amefiwa na mkewe Lily, na kila usiku anaota yuko ukutani, Lily ng'ambo ya pili, naye anamwita. Hawezi kulala. Anawaendea wenye elimu mmoja baada ya mwingine, na elimu yao haitoshi.

Jibu linapatikana wanapokusanyika mfalme wa visiwa, wachawi, majoka, na binti wa Wakarg aliyekulia katika imani kwamba wafu huzaliwa upya. Inadhihirika kwamba wafu wa Wakarg hawaingii katika nchi ile kavu hata kidogo. Nchi hiyo ilitokana na wachawi wa kale waliotaka kuishi milele, wakajenga ukuta, na kwa kufanya hivyo wakawafungia wafu wao katika giza. Watu waliodhaniwa kuwa washenzi ndio waliohifadhi ujuzi wa kuaga. Ukuta unabomolewa, na wafu wanaachiliwa. Ikumbukwe kwamba yote haya yanaanzishwa na ndoto ya mfiwa mmoja asiye na cheo.

Nimeikalia riwaya hii kwa muda mrefu tangu 2021, kwa sababu inasema jambo ambalo mjadala wa utofauti haujalisema kwa uwazi. Haitoshi kuwaleta watu wa asili mbalimbali ndani ya hadithi moja ikiwa wote wanatakiwa waomboleze kwa namna moja. Wakarg wanahitajika barazani kwa sababu wanajua kifo kwa namna nyingine, na bila ujuzi huo wenyeji wa visiwa wangebaki na ukuta wao.

Hitimisho

Mambo haya yanatuhusu vipi sisi wa idara za Kiswahili? Kwanza, si kweli kwamba ulimwengu wa kubuni ni mgeni kwetu. Shaaban Robert alitupa Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea angani, na Katama Mkangi akatupa Walenisi mwaka 1995. Wala si kweli kwamba hatuna fasihi ya kilio: Al-Inkishafi ni ombolezo la mji mzima wa Pate na watu wake. Tulichonacho kidogo ni mahali ambapo mito hii miwili inakutana kwa ajili ya kijana wa miaka 14. Tunampa riwaya za mafunzo ambamo yatima hutokea ili kutesewa na mama wa kambo na hatimaye kufaulu mtihani. Mara chache tunampa nafasi ya kufiwa kwa kina.

Pili, malighafi tunayo. Nchi yetu ina watu wanaozika siku hiyohiyo na watu wanaongoja majuma kadhaa. Wajaluo wana tero buru, ambayo kwayo kifo hufukuzwa kutoka bomani. Wagiriama huwachongea wazee wa chama cha Gohu vigango, nguzo za mbao ambazo hazipaswi kung'olewa zilipowekwa. Vigango vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo kama mapambo, na baadhi vimerejeshwa miaka ya karibuni. Kijana ambaye kigango cha babu yake kimesimama katika sebule ya mtu katika nchi ya mbali ni mfiwa aliyefiwa mara mbili, na safari yake ya kukifuata ingetosha kuwa riwaya.

Tatu, kwa wenzangu wanaofundisha, napendekeza kwamba tunapoisoma fantasia ya vijana na wanafunzi wetu tuwaulize maswali manne. Nani amekufa? Nani amepewa siku za kulia? Wanaomhusu marehemu wako wapi wakati huo? Na kilio hicho kinafuata desturi ya nani? Mwanafunzi anayeweza kuyajibu kwa kunukuu matini amekwisha kuingia katika uhakiki, hata kama kitabu alichokishika kimewekwa na maktaba yetu katika rafu ya burudani.